Plasta ya Kulwa

Habari ya kufa kwa Veronika niliipata nikiwa uani napepeta mpunga. Mjukuu wangu aliyeolewa Kahama ndiye aliyeileta, tena aliivaa usoni kabla hajaisema, maana watoto wa siku hizi wakikuletea msiba wanaanza kukushika mkono na kukuita "bibi yangu" kwa sauti ya maji ya uvuguvugu. Nikamwambia, sema tu nani amekufa, pumba zinaniingia machoni. Akasema. Nikapepeta kidogo, halafu ungo ukawa mzito, nikauweka chini. Tulienda kuzika. Kanisani akasimama bwana mmoja mwenye tai, akasema, "Marehemu alikuwa muuguzi mpole, mnyenyekevu, tangu ujana wake hakuwahi kupaza sauti." Nikacheka ndani ya mtandio, mabega yakatikisika, waliokuwa jirani wakadhani nalia, wakanipa leso. Mpole wapi. Veronika niliyemjua mimi alikuwa msichana wa Kihaya, katoka Bukoba na shingo yake ndefu, kila jambo analijibu kwa "waitu", lile neno lao la heshima, na ukimuudhi anafunga mdomo mashavu yanavimba kama mtu anayepuliza moto. Upole alikuja kuupata, sikatai. Mwaka alioanza kuupata nilikuwepo, tulikuwa tunakula sufuria moja. Tuliporudi mjukuu akasema, bibi, nisimulie niandike. Mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Basi mimi nasema na yeye anaandika, na akinipunguzia maneno nitajua, maana nitamwambia anisomee.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, Uhuru bado. Mvua ilitunyima kwetu Samuye, huko Shinyanga, wanaume wakaenda Geita kwenye dhahabu, na mume wangu akiwemo. Nyumbani nikabaki na mama mkwe na mapacha wangu wa kiume, Kulwa aliyetangulia kutoka na Doto aliyemfuata. Walikuwa wamefika umri wa kukimbiza mbuzi na kukimbizwa na mbuzi. Doto akaanza kuchechemea. Tukasema ameanguka. Halafu akawa analia akigeuzwa, halafu mwili unachemka, halafu hataki kusimama kabisa. Mama mkwe akachua kwa mafuta ya ng'ombe, akachanja, akafunga mizizi, mguu ukazidi kujikunja. Ndipo tukapanda gari la pamba, mimi, mama mkwe na watoto wote wawili, mpaka hospitali ya misheni.

Hapa lazima nikueleze jambo, maana msomaji anaweza kuwa mtu wa pwani. Kwetu pacha ni mtu mmoja aliyekuja na miili miwili. Ukimwogesha huyu, mwogeshe na yule. Ukimvisha huyu shanga, mvishe na yule. Ukimpa mmoja ukamruka mwenzake, aliyerukwa anaona hatakiwi, anaondoka, na akiondoka hamwachi mwenzake nyuma. Na pacha haliliwi. Hata akifa, watu wanasema amekwenda kuchota maji, na mama yake anakaza macho yake makavu, kwa sababu chozi linamwita na yule aliyebaki. Mimi nililelewa hivyo na mama mkwe alilelewa hivyo. Unaweza kucheka. Mimi pia siku hizi nacheka, lakini wakizaliwa watoto mapacha hapa uani, kila nguo nanunua mbili.

Daktari alikuwa Mzungu mfupi mwenye mikono ya baridi, anaongea huku anaangalia dirishani. Akambonyeza Doto kwenye nyonga, Doto akapiga kelele, akasema, "Mfupa huu unaliwa. Ndani kuna usaha. Atalala bila kutikisika, miezi mingi, na sindano. Akitikisika, usaha utatembea, atakufa." Hivyo hivyo, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Wakamfunga plasta kutoka kiunoni mpaka kwenye vidole vya mguu, nyeupe, ngumu, ukiigonga inaitika kama mtungi. Mama mkwe akaizunguka ile plasta, akaniambia kwa Kisukuma, "Mwanangu wamemjengea nyumba akiwa ndani." Halafu akamtazama Kulwa, aliyekuwa amesimama na miguu yake miwili mitupu. Nilijua anachokiwaza kwa sababu na mimi nilikuwa nakiwaza.

Sasa nikupeleke jikoni. Nyuma ya wodi ya watoto palikuwa na banda refu la nyasi, ndilo jiko la ndugu wa wagonjwa. Kuta nyeusi zinang'aa kwa masizi, mafiga yamepangwa mstari, kila mama na figa lake, na kila mama na moshi wake, ila moshi wote unaenda kwa mwenzako. Wasumbwa wa Ushetu upande wa mlango, sisi wa Shinyanga katikati, na wake za wachimbaji kule mwisho na masufuria yao mapya wakijidai. Mchana ni ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, au michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa, iliyochemshwa na karanga. Pale ndipo palipokuwa na habari zote. Daktari akigombana na mpishi wake, jikoni tunajua kabla chakula hakijapoa. Jirani yangu alikuwa Mama Tabu, Msumbwa, mwanaye aliungua na uji. Alikuwa anaongea puani kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu: "Mmm, Mama Kulwa, leo wanatuletea wanafunzi. Mmm, na wana viatu."

Kweli, walikuja wanafunzi wa unesi, wasichana wenye magauni ya buluu na aproni zimepigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Nyuma yao Sista, mwalimu wao, Mzungu mrefu anayetembea kama anakanyaga mayai ya mtu mwingine. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kila neno linasimama peke yake kama mti wa simu. Alikuwa na desturi yake. Kila mwanafunzi anapewa familia moja yenye mtoto mgonjwa sana, na kabla hajamgusa mtoto anakaa jikoni na ndugu zake. Achote maji nao, akoroge nao, asikilize. Veronika akapewa sisi. Akamwendea Doto moja kwa moja na kile kijiti cha kupima homa. Sista akamzuia: "Veronika. Usishike. Mtoto. Shika. Kwanza. Sufuria." Mashavu ya Veronika yakavimba. "Waitu Sista, mimi nimekuja kujifunza uuguzi." Sista akasema, "Mgonjwa mmoja yuko kitandani. Wengine wako jikoni." Akaondoka juu ya mayai yake.

Basi Veronika akashika sufuria. Akachungulia michembe ikichemka, akauliza, "Waitu mama, hiki ni chakula au ni kuni zimeloa?" Banda zima likaanguka kwa kicheko. Mama Tabu akamwambia, "Mmm, mtoto wa ndizi, onja." Akaonja, akatafuna muda mrefu kama ng'ombe mwenye mawazo, akameza kwa heshima. Ugali ulimshinda, alikoroga mabonge. Nikamwambia, "Mayu, mama wee, huyo mume wako atakuwa anatafuna mawe." Akasema, "Sitaki mume, nataka cheti." Nilimpenda kuanzia hapo, lakini sikumwambia. Akawa anakuja kila siku, anakaa kwenye kigoda changu, mimi nakaa chini, mpaka mama mkwe akamuuliza kwao ni desturi gani ya mtoto kukalia kigoda mama yake akiwa chini. Aliruka kama amekalia siafu. Tangu siku ile akawa anaingia anapiga magoti, "Shikamoo bibi," na mama mkwe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, anamjibu, "Malahaba, unanuka sabuni."

Lakini kulikuwa na sheria ya wodi. Mtoto mzima halali hospitali, ataambukizwa. Kulwa alikuwa analala na mimi chini ya kitanda cha Doto, manesi wakubwa wakalalamika. Veronika ndiye aliyetumwa kuniambia. Aliniambia vizuri, kwa kitabu: "Mama Kulwa, huyu ni mzima. Hapa kuna kifua, kuna surua. Ukimpenda, mpeleke nyumbani na bibi yake." Nikamwambia hawatenganishwi. Akasema, "Waitu, si kutengana, ni miezi michache tu." Nikamwambia, wewe una pacha? Akasema hana. Nikasema, basi nyamaza. Akaenda akarudi na nesi mkubwa, na nesi mkubwa hakuwa na waitu wala nini. Mama mkwe akambeba Kulwa mgongoni. Kulwa hakulia. Alikuwa anaangalia nyuma tu, na Doto kwenye plasta yake alikuwa anaangalia mlango, na hata mlango ulipofungwa aliendelea kuuangalia.

Doto akaacha kula. Uji anautoa kwa ulimi. Sindano akichomwa halii tena, na mtoto asiyelia sindano anatisha kuliko anayelia. Homa ikapanda. Halafu akapita mtu wa kwetu anayeswaga ng'ombe kwenda mnadani, akasimama nje ya jiko, fimbo mabegani, akaniambia, "Mama mkwe wako anakusalimia. Anasema Kulwa hali. Anakaa ameshika mguu, mguu ule ule wa mwenzake, na hauna kitu. Anasema umlete Doto, na wewe unajua." Mama Tabu akaacha kukoroga. Mimi niliuepua ugali wangu, nikaufunika, nikachota maji kwenye karai, nikaenda wodini.

Ilikuwa mchana, saa ya kimya, wagonjwa wamelala, nesi wa zamu kule mwisho anakunja bandeji. Nikalowesha kanga, nikaanza kuikamulia ile plasta kwenye paja. Nilikuwa nimeona ukuta wa udongo ukinyeshewa, nikajua na hii italainika. Ikaanza kutoa uji mweupe. Nikaingiza vidole, nikabandua kipande. Doto alikuwa ananitazama, halafu akasema neno lake la kwanza baada ya muda mrefu, "Tunakwenda?" Nikamwambia tunakwenda.

Veronika akatokea na trei ya dawa. Aliona karai, akaona vidole vyangu vyeupe. Nilisubiri apige kelele, nilikuwa nimejiandaa kumsukuma, na alikuwa mwembamba, angeanguka vizuri. Hakupiga kelele. Aliweka trei chini, akakaa sakafuni na aproni yake ya pasi, kwenye yale maji. Akasema taratibu, "Mama Kulwa, akitikisika atakufa." Nikasema, "Asipotikisika watakufa wote wawili." Ndipo akaniuliza, na alikuwa hajawahi kuniuliza, "Niambie kwa nini." Nikamwambia yote niliyokueleza wewe hapo juu, na ya Kulwa kushika mguu, mkono wangu ukiwa bado umeshika kipande cha plasta. Alisikiliza. Halafu macho yake yakajaa. Nikamziba uso kwa kanga ile ile ya maji nikamwambia, "Usilie. Ukilia hapa unawaita. Kalilie kwenu Bukoba." Akabana pumzi. Mashavu yakavimba, lakini safari hii hazikuwa hasira, alikuwa anarudisha machozi ndani, mpaka akapata kwikwi. Hakuna chozi lililotoka. Nilihesabu hilo kuwa uuguzi wake wa kwanza.

Watu wananiuliza kama najuta kwa lile karai. Sijuti. Aliyefunga plasta alijua mfupa, mimi nilijua watoto wangu, na siku ile hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenzake. Yangenikuta leo ningefanya vile vile, ila ningetafuta maji ya moto, yanalainisha haraka.

Veronika akashika nyonga ya Doto kwa mikono miwili isitikisike, akamtuma nesi wa zamu amwite Sista. Akamweleza Sista yote pale pale, akiwa bado ana kwikwi, akaomba Kulwa aletwe, afungwe plasta na yeye. Sista alisikiliza amefumba macho. Aliyepinga ni daktari. Tulimsikia kupitia dirisha, maana Wazungu wale kila mmoja alikuwa na kwao, wakigombana wanakutana kwenye Kiswahili, jiko zima tumenyamaza, hata mafiga: "Mtoto mzima hapati plasta. Plasta si ya mchezo." Na Sista: "Daktari. Huyu. Mama. Ataondoka." Daktari akasema sheria. Sista akasema, "Sheria. Haijawahi. Kupika. Jikoni. Kwangu." Hatukuelewa vizuri, lakini Mama Tabu akasema, "Mmm, Mzungu amempiga Mzungu." Doto akafungwa upya, na gari la misheni likaenda Samuye.

Lilirudi na Kulwa, na mama mkwe, na zaidi ya hao mume wangu. Alikuwa ametumiwa habari Geita kwamba wanawe wanakufa, akaacha shifti, akafika nyumbani vumbi la mgodi likiwa bado masikioni. Aliingia wodini na buti zake, akaigonga ile plasta kwa kidole kilichokunjwa, kama anavyogonga mwamba, akaweka sikio. Sauti yake ilikuwa ya chini ya ardhi, hakuweza kuongea polepole: "Mama Kulwa, funga mizigo. Huku kumfunga mmoja na kumwacha mwingine sikubali. Mama amesema." Mama mkwe akatikisa kichwa kuonyesha kwamba kweli amesema. Nami nilikuwa nimeshasimama kufunga mizigo, sitakudanganya.

Veronika akapiga magoti katikati ya wodi, beseni la maji pembeni, bandeji zenye unga mweupe mkononi. "Shikamoo baba. Shikamoo bibi. Hatujamwacha. Tulikuwa tunamngoja aje." Akamkalisha Kulwa kitandani, ubavuni kwa Doto, akalowesha bandeji akaanza kumzungushia, mguu ule ule, kuanzia kwenye kifundo kupanda juu kidogo. Ilikuwa kama bangili nene. Kulwa alitulia kama bwana harusi anayevishwa. Mama mkwe akasogea. Aligonga ya Doto, akagonga ya Kulwa. Akanusa ya Doto, akanusa ya Kulwa. Akailamba. "Ya Kulwa fupi," akasema. Veronika akasema, "Bibi, ukiwapa mafuta ya kupaka, mwenye ngozi kavu sana na mwenye ngozi kavu kidogo, unawapa sawa?" Mama mkwe akaigonga tena ile fupi, mume wangu ameshika kofia, wodi nzima inasikiliza, hata nesi mkubwa. "Nawapaka wote," akasema mwisho. "Kila mmoja mpaka aenee." Akamgeukia mwanawe. "Rudi Geita. Wamepakwa."

Kulwa akapata ruhusa ya kulala chini ya kitanda, na mchana juu yake. Siku ile ile Doto akala uji, bakuli lake na lingine la Kulwa, maana Kulwa alikuwa ameshiba michembe. Mama mkwe naye hakurudi Samuye. Aliweka figa lake jikoni akawa ndiye mfalme, anawapanga Wasumbwa na wake za wachimbaji, na wanafunzi wote wakawa wanaripoti kwake kabla ya kuripoti kwa Sista. Sindano ilipokuja, Doto anachomwa, Kulwa anageuza tako, Veronika anampaka ile dawa ya baridi kwa pamba. Kulwa alikuwa analia kuliko mchomwaji. Plasta ilipowasha wakati wa joto, tuliwatafutia mabua ya mtama, kila mmoja la kwake, wajikune ndani. Ya Kulwa ikivunjika kwa kucheza, Veronika anaifunga upya bila kununa, na sauti yake kweli ilikuwa imeanza kushuka. Alikuwa akiingia kwa mgonjwa yeyote, kabla ya kushika kitu anauliza, "Mama, kwenu mnafanyaje?" Wenzake walimcheka, wakamwita Mama Kwenu. Mimi ndiye niliyeanzisha jina hilo.

Siku ya kukata plasta daktari alikuja mwenyewe. Mguu wa Doto ulitoka mwembamba, mweupe wa magamba, kama wa kuku aliyenyonyolewa. Akaibonyeza nyonga, Doto hakulia. Akaibonyeza tena. Daktari akaacha kuangalia dirisha, akanitazama usoni, akasema, "Mfupa umepona." Kisha akakata na ile bangili ya Kulwa, bila kuambiwa na mtu. Doto akaanza kujifunza kutembea kwa kushika vitanda, anachechemea. Na Kulwa naye akaanza kuchechemea, mguu ule ule, vizuri kuliko mwenye mguu. Siku moja Sista akaleta wanafunzi wapya, akawauliza yupi kati ya hawa alikuwa mgonjwa wa mfupa. Wote wakamwonyesha Kulwa. Mmoja akasema hata macho yake yanaonyesha maumivu. Veronika alikuwa mlangoni, amefunga mdomo, mashavu yamejaa.

Tulipotoka, barabara ya magari ya pamba ilikuwa mbali na geti, jua kali, na Doto miguu haijapata nguvu ya mwendo ule. Nikamfunga mgongoni. Mama mkwe alikuwa na masufuria yote kichwani. Kulwa akasimama kwenye vumbi, mzima, amenenepa kwa michembe, akatuangalia. Mmoja alikuwa mgongoni, mwenzake chini. Veronika akavua kofia yake ya unesi, akampa Mama Tabu amshikie. Akachukua kanga yangu moja kwenye mzigo, akainama, akamwambia, "Waitu, panda." Akambeba mpaka barabarani, mtoto mwenye miguu yake miwili, jasho linaloanisha aproni yote, na hakumweka chini mpaka nilipomshusha Doto.